Fimbo ya Shemeji Kona

Kioo cha meza yangu ya kujirembea kiko kwenye karakana ya mume wangu, na sitegemei kukiona tena chumbani. Alikichukua akisema anakiazima. Mume wangu hutengeneza fimbo za puli, zile za kupigia mipira mezani, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo yangu, na kioo ndicho hakimu wake. Fimbo ikishakerezwa huilaza juu ya kioo na kuiviringisha kwa kidole. Ikiwa imepinda hata kidogo, mwanga hupenya chini yake, na mwanga ukipenya, fimbo hiyo haitoki nyumbani kwangu. Watu humwita Fundi Nyoofu. Analipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Mashine yake ya kukerezea huzungushwa na mota ya cherehani. Mota ilikuwa ya kaka yake, shemeji yangu, aliyewashonea watu nguo mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na sindano ikawa inamchoma yeye badala ya kitambaa. Siku aliyofunga kazi aliileta ikiwa imeviringishwa kwenye taulo.

"Chukua, mdogo wangu," alisema. "Mimi na hii tumeachana kwa amani. Ila nitengenezee fimbo. Nataka nicheze na fimbo yangu mwenyewe kabla mkono haujanigomea kabisa."

Ombi lenyewe ndilo hilo, wala halikuwa kubwa. Kwenye ukumbi wa puli alikokuwa akicheza walimwita Kona, kwa kuwa mpira wowote aliouelekeza kwenye tundu la kona ulikwenda wenyewe kama umetumwa. Na mipira yote hiyo aliipiga kwa fimbo za ukumbini, zilizopinda kama ndizi. Yake hakuwahi kuwa nayo. Aliwasomesha wadogo zake, huyu wangu akiwa wa mwisho, na kila mara kulikuwa na jambo lililotangulia fimbo.

Kazi hii haitaki haraka, hilo nakubali. Mti ukikerezwa unanuna, unapinda. Kwa hiyo unapunguzwa kidogo, unaning'inizwa darini kwa kamba na kizito chini yake, unaachwa utulie, kisha unashushwa na kupunguzwa tena kidogo. Mle ndani fimbo zinaning'inia mpaka ukitaka kupita unainama. Shemeji alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kigoda chini ya ile yake na kuitazama.

"Bado tu?"

"Bado, kaka. Inapumzika."

"Inapumzika kuliko mimi niliyestaafu!"

Tulicheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Ya kwanza ilipokamilika ilikuwa nzuri, nyeusi shikioni, imefungwa uzi kwa mkono. Mume wangu akaiviringisha kwenye kioo. Mwanga ukapita, mwembamba, wa kutafutwa kwa tochi. Shemeji alikwishaishika, anapiga mpira wa hewani huku jicho moja kalifumba.

"Hii hii inatosha," alisema. "Nimezoea za kupinda bwana. Nyoofu ndiyo itanisumbua."

"Hapana, kaka. Kwa mtu baki ningekataa, sembuse wewe?"

Akamnyang'anya mkononi, kwa upole lakini akamnyang'anya, akaibana kwenye jiliwa na kuikata vipande viwili kwa msumeno, asije akashawishika. Shemeji alitazama vumbi la mti likianguka. Alisema tu, "Haya, Fundi," akaomba chai.

Mimi mambo ya mti siyajui, ila vikombe navijua. Mwanzoni nilimjazia shemeji kikombe kama mtu yeyote. Baadaye nikawa namtilia nusu. Baadaye akawa anakishika kwa mikono miwili, na ya pili ilipokataliwa na kioo, mvua zikiwa zimeupa mti unyevu, nilikuwa nimeshaanza kumpoozea chai kabisa ili ikimwagika isimuunguze. Hapo uvumilivu ukanishinda.

"Baba watoto, mpe kaka yako fimbo."

"Nimpe takataka?"

"Mpe inayopiga mpira! Humuoni mikono?"

"Namuona. Ndiyo maana nataka imsaidie. Mkono ukitetemeka na fimbo nayo imepinda, atapigaje?"

Hakuwa akisema kwa ubaya. Alimpenda mno kaka yake, mpaka akashindwa kumpa kitu chenye kasoro. Akachagua mti mwingine akauning'iniza.

Ya tatu ilikubali. Aliniita kutoka jikoni nikiwa na sabuni mikononi, akaiviringisha mbele yangu, na chini yake hapakupita kitu. Aliizungusha tena na tena. Macho yalikuwa yamemlowa, na mimi nikasahau hasira zangu zote, nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Tulikwenda naye ukumbini, sisi watatu, mchana, watu wakiwa wachache. Mwenye ukumbi alipomuona Kona na fimbo mpya akapanga mipira mwenyewe na kufuta meza. Shemeji akapaka chaki. Chaki ilimponyoka, mume wangu akaiokota, ikamponyoka tena, akampakia yeye. Kisha shemeji akainama, akaweka mkono wa kushoto mezani ili vidole vishikilie ncha, na vidole havikufunga. Alivikunja kwa mkono mwingine kama mtu anayekunja nguo. Vikafunguka. Akapiga hivyo hivyo. Fimbo ikateleza juu ya mpira mweupe, mpira ukajigeuza kidogo na kusimama palepale.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alijaribu tena, kisha akasimama wima, akaipandisha fimbo jichoni na kuitazama kwa urefu wake wote.

"Imenyooka kweli," alisema. "Hongera, mdogo wangu."

Njiani kurudi alichoka. Akaisimamisha fimbo ile chini, upande mnene kwenye kokoto, akaiegemea kila hatua. Nilimuona mume wangu anakodoa macho kwenye lile shikio likikwaruzwa. Nikamshika mkono kabla hajafungua kinywa. Kumbe hakukusudia kumkemea. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ningempa ile ya kwanza." Na baada ya hatua chache akarudia, "Si angecheza? Na ile angecheza." Ndiyo, angecheza.

Tulipofika, shemeji alikaa kigodani pake.

"Fundi, hii ndefu inanisumbua kiwiko. Nikatie hapa," akaonyesha usawa wa kiuno. "Iwe mkongojo. Miguu nayo imeanza mambo yake."

Mume wangu aliibana kwenye jiliwa. Msumeno ulimgomea mkononi, akaanza, akaacha, ikabidi nimshikilie ncha ya juu. Ikakatika, ncha ikabaki mkononi mwangu, na kile kingozi chake cha kupigia mpira bado kina chaki ya bluu. Akasugua palipokatwa kwa msasa, akapaka vanishi, akanyoosha mkono kuchukua kamba ya kuining'inizia.

"Itakauka vizuri tu, kaka. Uipitie Jumamosi."

Shemeji alimtazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshampita. Kamba ikabaki hewani. Kisha mume wangu akaitupa sakafuni, akaifungua fimbo kutoka kwenye jiliwa na kumpa mbichi vile vile.

Shemeji akaishika juu, kiganja kikagandamana na vanishi. "Inanata," alisema, akacheka kidogo. Nikaleta kitambaa chenye mafuta ya taa, nikamfuta vidole kimoja kimoja, vikitetemeka ndani ya mkono wangu. Alama ya kiganja ilibaki kwenye mti, mikunjo yake yote. Mume wangu, ambaye alama ya kidole humkosesha usingizi, aliinama akaiangalia.

"Niisugue?" aliuliza.

"Isugue ili iweje?" shemeji akasema, akaegemea fimbo yake, akaondoka.