Swali la Hamu

...na hamu je, mama, hamu ya yale mambo uliyokuwa ukiyapenda, imepungua? ndivyo alivyouliza huyu kijana Winston, mshauri nasaha aliyekuja na pikipiki kutoka Nkwenda, kalamu iko tayari, magoti yamebanana kwenye kiti cha wageni, na Placidia aliyeketi mkekani akalisikia swali likimwingia taratibu kama kila kitu kinavyomwingia siku hizi, kwanza sauti, kisha maneno, maana ikifuata nyuma inachechemea, hamu, hamu ya nini tena, na huko nyuma ya nyumba wifi yake Restuta yuko kwenye mibuni pamoja na wachumaji wengine, kahawa zinadondoka ndooni, Restuta anacheka kile kicheko chake kinachosikika mpaka kwa majirani, na yeye mwenye kibanja, mwenye shamba lenyewe, yuko humu ndani, mgongo kaugandisha ukutani kwa hila ili mgeni asijue kwamba ukuta ndio unaomshikilia... jisikie huru, mama, anasema Winston kwa sauti laini ya kumbembelezea mtoto dawa, hakuna jibu baya hapa, na mumewe Projestus amesimama mlangoni nusu ndani nusu nje, kofia mkononi, hamtazami mkewe, anaitazama kalamu. Lo, kalamu hiyo! Imekwisha kuandika kwamba analala sana, kwamba hachangamani na watu, kwamba kanisani haonekani, na yote ni kweli tupu, ndio ubaya wenyewe, angalau wangemsingizia angepata la kukanusha... mbona uko vizuri, mama, hivyo ndivyo kijana alivyosema alipoingia, akasema kwa furaha kabisa, uko vizuri, mgeni njoo mwenyeji apone walisema wahenga, basi wahenga hawakuwahi kuumwa ugonjwa huu, maana yeye mgeni akija ndipo anapoumwa, tangu juzi alijilaza gizani, pazia limeshushwa, hasemi na mtu, anakinga nguvu tone kwa tone kama anayekinga maji ya mvua chini ya bati lililotoboka, ili leo aweze kuoga, avae kile kitenge cha kipaimara cha binti yake Jenifa, apige magoti na kumpa mgeni kikapu cha kahawa za kutafuna kwa mikono miwili, kwa sababu wapi ilionekana hapa Kimuli, mgeni aingie nyumbani kwa mtu atoke mdomo mkavu, hajapewa hata punje ya kahawa, eti mama mwenye nyumba kalala, marehemu mama yake kule Rugu angefufuka kwa aibu, basi alipiga magoti, akatabasamu, na kuinuka ndiko kulikokuwa na kazi, moyo ulimdunda mpaka kwenye meno, chumba kikazunguka, akatabasamu tena, kijana akatwaa punje mbili akatia mdomoni, akaandika, na Placidia akajua hapohapo kwamba limeandikwa lile tabasamu. Kesho je? Kesho hatainua kikombe, nywele zitamuuma kana kwamba kila unywele una jeraha lake, mwanga wa mlango utamchoma, na kijana atakuwa huko Nkwenda anamsimulia mwenzake kwamba yule mama wa Kimuli hana kitu, ni mawazo tu.

Mawazo! Mtu akisema neno hilo tena atalia, na akilia watasema mmeona, si tulisema... ilianza na homa, homa ya kawaida kabisa, mwaka ule mvua zilipochelewa, nyumba nzima iliugua, wenzake wakainuka, yeye akainuka nusu, na ile nusu nyingine haijainuka mpaka leo, wakampima malaria, hakuna, wakampima tumbo, sukari, damu, lile jingine ambalo watu hulitaja kwa kunong'ona, hakuna, kila karatasi inarudi safi, safi, na kila safi inamchafua yeye, kwa maana kama mwili ni safi basi mchafu ni nani, ni moyo wake, ni kichwa chake, watu wakaanza kumtafutia sababu kama wanaotafuta mbuzi aliyepotea, wa kwanza akasema ni ile mimba iliyotoka kabla ya Jenifa, mwingine akasema ni mama yake aliyekufa, mama mkwe akasema ni uvivu uliosoma, padri akasema asamehe, akasamehe, akasamehe hata wasiomkosea, na miguu ikabaki vilevile... Restuta alizika mume na mwana ndani ya mwaka mmoja, huyo hapo nje anacheka kwenye mibuni, mbona huzuni yake haikumlaza mkekani, au kuna huzuni za kuchuma kahawa na huzuni za kulala, waseme basi... mwili, mama, wakati mwingine hubeba kile ambacho moyo umekataa kukisema, anaeleza Winston, na si kijana mbaya, masikini, viatu kavivua mlangoni, alimwamkia shikamoo na kuinama, ila amekuja na jibu mfukoni anatafuta pa kulibandika. Kuna daktari mmoja wa kike aliyewahi kumwambia kwamba upo ugonjwa wa uchovu sugu, kwamba unajulikana, kwamba vipimo havijaweza kuuonyesha, kwamba akijilazimisha atazidi, akamshika mkono alipokuwa akisema, na Placidia alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha kama aliyeambiwa amepona, hebu fikiria, mtu anafurahi kuambiwa anaumwa, lakini daktari yule akahamishwa, na aliyekuja baada yake akacheka, uchovu, nani hachoki mama, sote tunachoka... Sote tunachoka! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uchovu wa watu anaujua, aliuishi na kuupenda, ule wa kulima kutwa kisha ukaketi jikoni miguu inawaka, mtu akakupa lubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, ukalala ukaamka mpya, angelipa nini leo apate uchovu wa namna ile, uchovu unaoisha.

Akisema ndiyo, hamu imepungua, itakuwaje? Ameshayafanya haya, asijidanganye, mwaka juzi alikubali, alisema ndiyo ni mawazo, kwa moyo mmoja, hata alijitahidi kulia pale walipomtazamia alie, akameza vidonge, akaambiwa ajizoeze, leo atembee mpaka kwenye mparachichi, kesho mpaka barabarani, kesho kutwa mpaka kanisani, aongeze kidogo kidogo, na Projestus alikuwa akimsindikiza, akimshangilia kama mtoto anayesimama dede, jamani Mama Jenifa huyo, anakwenda huyo, na furaha ya mume ilikuwa tamu hata akaenda kwa ajili yake siku ambazo mwili ulimkataza, mpaka siku ile alipofika mlangoni pa kanisa akaketi chini hakuinuka, akarudishwa kwa machela, akalala tangu kahawa zinaiva mpaka senene wanaanguka, senene waliruka juu ya paa lake, akawasikia watoto wakipiga kelele za kuwakamata, hakuweza kutoka hata kuwatazama. Akisema ndiyo atapewa njia ileile. Na akisema hapana... jana jioni Projestus alisema, bila ukali, ndiyo sababu ilimchoma zaidi, alisema, Mama Jenifa, huyu kijana naye akishindwa mimi sijui tena, labda uende kwa kaka yako Rugu ukapumzike kwanza, ukapumzike, kana kwamba kuna mtu hajui maana ya mke kupelekwa kwao akapumzike, huenda na begi moja, na la pili hufuata kwa bodaboda, na kufika palizi tayari kuna mwingine anasafisha migomba yako. Kwa hiyo ndiyo ina machela na hapana ina begi, na kijana anasubiri, mama, chukua muda wako tu...

hamu... hebu afikirie kwa haki, isije ikawa kweli imekufa naye hana habari... migomba, majani makavu yananing'inia kwa sababu wachumaji hawana muda wa kuyapogoa, anayaona dirishani kila asubuhi, vidole vinamwasha, anataka kisu, anataka ule utomvu mweusi usiotoka kwenye nguo, anataka kuinama, kuinama tu bila kufikiria atainukaje, anataka kumenya ndizi jikoni na Restuta wakimsengenya mtu ambaye hana hatia yoyote, anataka kuimba sauti ya pili, kwaya imempa sauti yake Adventina anayeimba kwa pua, anataka kugombana, ndiyo, kugombana, ugomvi mrefu wa sokoni Nkwenda juu ya kipimo cha maharage, siku hizi hata ugomvi humwisha katikati, anawaachia, anataka Jenifa akirudi likizo asitembee kwa kunyata, asiseme mama usijisumbue, anataka asumbuke, Mungu wangu, anataka asumbuke mpaka akome... ni nani aliyesema hana hamu? Hamu imemjaa mpaka kooni, hamu ndiyo imlazayo macho wazi mchana kutwa, kama hamu ingekuwa miguu angekuwa ameshafika Bukoba na kurudi, na hapa akataka kucheka, akataka kumwambia kijana, andika, andika hiyo, kalamu yako itaisha wino, na tayari alikuwa amefungua mdomo, maneno yanakuja yakijikongoja...

Andika tu, kijana, akasema Projestus kutoka mlangoni. Hamu hana. Yalishakwisha hayo. Hana hamu na shamba, hana hamu na watu, hata mimi... akaishia hapo. Akaigeuza kofia mikononi, akakitazama kidole gumba chake kilichopasuka kwa kuchuma. Hata mimi. Placidia akayasikia maneno yale mawili yakimwingia, na safari hii maana haikuchelewa, ilikuja mbele, ikaja peke yake, hata mimi, ala, kumbe ni hilo, kumbe miaka yote hii ameketi akijitetea mbele ya kesi nyingine, akidhani mume anamwona mvivu, anamwona mwongo, kumbe mwanamume huyu mkubwa alikuwa akiingia chumbani akakuta mgongo, akauliza habari akajibiwa kwa kope, akaleta nyama kutoka mnadani akaiona imebaki sahanini, na kila jambo akalisoma kwamba hatakiwi, kwamba mke wake kaondoka ndani kwa ndani na kumwachia mwili kitandani, na Rugu basi haikuwa kumfukuza, ilikuwa kumfungulia mlango mtu aliyedhani anataka kwenda... hasira aliyokuwa ameiandaa ikamponyoka, akaitafuta hakuiona, mahali pake pakaingia hamu nyingine, ile aliyoiacha bila kuitaja alipokuwa akihesabu migomba na kwaya, na hii ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, inauma kuliko nywele, harufu ya shati lake la kahawa mbichi, kifua chake, mkono wake mzito, ambao siku nyingi sasa huurudisha upande wake kwa adabu kama mtu aliyegusa cha wenyewe.

Winston bado anasubiri, kalamu haijaandika, amemtazama mzee, amemtazama mama, na huko nje ndoo nyingine imeanza kujazwa, unasikia punje zinavyogonga chini kukiwa kutupu. Kwa mila haya hayasemwi mbele ya mgeni, tena mgeni kijana, tena aliyekula kahawa ya nyumba, hayasemwi hata mbele ya kuku. Placidia akaacha kutabasamu. Akakiegemeza ukutani na kichwa alichokuwa akikishikilia wima kwa nguvu tangu asubuhi, uchovu uonekane kama ulivyo, akamtazama mumewe, sio kijana.

"Baba Jenifa," akasema, pole pole, kwa sababu pumzi ilikuwa chache, "ukinigeuzia mgongo ukidhani nimeshalala, huwa sijalala. Huwa naukosa mkono wako, na sina nguvu ya kuufuata."