Kila Siku Saa Kumi

...na kidole kiko palepale juu ya kitufe, sikibonyezi, simu imeegemea rundo la madaftari inanitazama kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa, nasema moyoni anza, sema watoto hamjambo, maneno mawili tu, nimeyasema miaka thelathini na moja bila kuyafikiria, leo hayatoki... "Shangazi, tayari? Imebaki robo saa!" huyo binti wa kaka yangu, anaosha vyombo jikoni, ndiye anayekata video zangu na kuzipandisha mtandaoni, ndiye aliyesema tuahidi kila siku saa kumi, ukikosa moja tu Shangazi watu wanakusahau, nami nikaahidi, kirahisi hivyo, na leo ni video ya arobaini na moja, kutoa kwa kukopa, hamsini na mbili toa kumi na nane, chaki imelowa jasho mkononi... mbili toa nane haiwezekani, tunakwenda kukopa kwa jirani, hapo zamani nilikuwa nanyamaza, nasubiri, darasani ukiuliza unasubiri, kuna mtoto wa dawati la nyuma ambaye jibu lake linakuja kwa miguu, lazima ulingoje lifike, lakini binti akawa anaukata ukimya wote, "Shangazi, unamsubiri nani? Humo ndani hamna mtu!" tukacheka hadi machozi, nikaacha kusubiri, siku hizi naongea mfululizo kama redio iliyosahauliwa dukani... na jana mzazi mmoja akaandika, kwa adabu kabisa, mwalimu samahani, mwanangu anauliza mbona umemkasirikia... nimemkasirikia, mimi, nikaitazama tena ile video, kweli, ndita kwenye paji la uso, sauti kavu, sikukasirika mwanangu, nilichoka, lakini mtoto wa miaka saba atajuaje tofauti, mtoto husoma uso wa mwalimu kabla ya kusoma ubao... "Shangazi! Au umelala?" Sijalala mama, nafikiri, "Basi fikiri ukiwa unarekodi!" ana ulimi huyu, kamrithi babake... hata shuleni kulikuwa na mapumziko, hakuna aliyefundisha Jumapili, na Jumatatu watoto walirudi wakiwa wamesahau kutoa, wamesahau kuzidisha, wengine wamesahau na viatu, mimi hawakunisahau hata mara moja... Jumatano na Jumamosi basi, video mbili kwa wiki nitaziweza, nikiwa nimelala vizuri, nikiwa na hamu, na ukimya usikatwe, binti atanuna, atasema tutapoteza watu, pengine kweli tutawapoteza, waende salama, mimi namtaka yule mtoto aliyeuliza, nikimpoteza huyo nimebaki na nini... "Dakika kumi, Shangazi!" nimesikia mama... kidole bado kiko palepale, simu bado inatazama, leo kabla ya hesabu nitamwomba mtoto radhi, nimwambie hakukosea kitu, kisha niwaambie wote kesho hakuna somo, kachezeni.