Joto la Dada

Fundi wa vioo katika mtambo mmoja wa utafiti wa eksirei alipachikwa jina la Sawazisha, na alilistahili. Akiingia nyumbani kwa watu, kabla hajasalimia ameshanyosha picha iliyoinama ukutani. Siku hiyo mikono ilimwasha zaidi ya kawaida, maana mgeni aliyekuja kutumia miale alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu alileta fuwele mbili za protini ya kimelea, ndogo kuliko punje za chumvi. Alizihangaikia miaka, na hizo tu ndizo zilizobaki. Zikipigwa eksirei vizuri, umbo la protini litajulikana na kazi ya kutafuta dawa itaanza. Zikipigwa vibaya zitaungua, basi. Na zamu yake ilikuwa inaisha alasiri.

Kazi ya Sawazisha ilikuwa kuielekeza miale. Eksirei haikubali kugeuzwa kama mwanga wa tochi. Hukigusa kioo kwa ubavu tu, kama kijiwe kinavyorukaruka juu ya maji, kisha hukusanyika kwenye doa jembamba kuliko unywele. Tangu asubuhi doa lile lilikuwa likihama. Kila likihama, Sawazisha alifungua mlango mzito wa chumba kilimowekwa kioo, akaingia, akakaza skrubu hii na ile, akatoka.

"Haya, piga," alisema.

Mdogo mtu akapiga. Kazi haijafika kati, doa likateleza. Fuwele ya kwanza ikaungua bila kutoa picha ya maana. Sawazisha akaurudia mlango, akauvuta.

"Nipishe niingie tena."

"Dada, ngoja. Tazama hapa." Mdogo mtu alimgeuzia skrini yenye mchoro wa joto la chumba cha kioo. Kila dada alipoingia, mstari ulipanda. Muda si muda, doa likahama.

Sawazisha akaguna. Hayo aliyajua, tena ndiye aliyewafundisha wageni: joto la mwili wa mtu linatosha kutanua stendi ya chuma, na kioo kikasogea nayo. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kujihesabu kuwa joto. Alijihesabu kuwa dawa.

"Ungekuwa unapika wali, leo tungelala njaa," mdogo mtu alisema. "Unafunua sufuria kila saa!"

"Na nikiliacha doa, lisitulie je?"

"Hasara ni yangu. Fuwele ni zangu, dada. Niachie."

Mdogo mtu akaufunga mlango, akachomeka ufunguo wake kwenye paneli, akavuta kiti akaketi mbele ya paneli hiyo. Sawazisha naye akakaa, mikono kaikalia. Doa likayumba kushoto, naye akainuka nusu. Hakuna aliyemtazama. Akakaa tena, akashika tama. Saa sita ikapita, saa saba nayo. Doa likapunguza mwendo, mwishowe likasimama.

"Limekaa upande," alinong'ona. "Si mahali pake."

"Acha likae. Nitaipeleka fuwele liliko."

Mdogo mtu akaisogeza fuwele kwa kompyuta, taratibu, akapiga. Nukta nyeusi za kusomea umbo la protini zikajaa skrini hadi pembeni kabisa. Akacheka huku machozi yakimtoka.

Sawazisha alifurahi. Na papo hapo ikamuuma kwamba, siku ile nzima, msaada wake wa maana kwa mdogo wake ulikuwa kukaa kwenye kiti.