Ruhusa ya Mgeni

Alhamisi ile mjini Migori watu wawili walikuwa wakizungumza, mmoja chumbani na mwingine barazani, ukuta mmoja tu kati yao, na kila neno walilosemezana lilipitia Homa Bay kwanza.

Wa chumbani alikuwa Nyaboke, mshonaji wa nakshi, mjane, Msabato asiyekosa ibada hata mvua inyeshe ya mawe. Wa barazani alikuwa Mwikwabe, mkwe wake, Mkuria wa Kehancha na fundi wa kompyuta. Kule Homa Bay alikuwapo Joyline, binti wa yule na mke wa huyu, kwenye dawati lake la ofisi, simu moja sikio la kulia na nyingine la kushoto. Alipokea neno la mume akalifikisha kwa mama, akapokea la mama akalirudisha kwa mume.

"Mama, anauliza kama hiyo mashine ya ndani imewaka."

"Mwambie imewaka."

"Imewaka, Baba Emmah."

"Nimeskia," akasema Mwikwabe, maana dirisha la chumba lilikuwa wazi na Nyaboke si mtu wa kunong'ona. Lakini alikuwa amengoja hadi mkewe amwambie, na hapo ndipo adabu yake ilipokuwa.

Wakisii, watu wa Nyaboke, wanaiita chinsoni, heshima yenye mipaka yake. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawaketi karibu, hawapigi soga. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakanyagi, hata akiambiwa kinaungua. Wakuria nao wana desturi inayofanana na hiyo, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kabisa, jambo lisilotokea kila siku. Mchungaji wao, kijana aliyetoka chuoni juzi, aliwahi kuhubiri kwamba mambo hayo hayamo katika Maandiko. Nyaboke alimsikiliza kwa utulivu, kisha akawaambia wenzake nje ya kanisa kwamba mchungaji bado hajaoza binti.

Taabu ni kwamba kompyuta ilikuwa huko huko chumbani. Sebuleni kulikuwa na vumbi la malori ya miwa ya Awendo, na wezi wa mjini wanajulikana. Motari, marehemu mumewe Nyaboke, ndiye aliyeijenga meza ya kazi chumbani na kuipachika ukutani kwa saruji. Juu yake zilikaa kompyuta na cherehani kubwa ya nakshi, zimekazwa kwa skrubu dhidi ya wezi hao, na ukitaka kuihamisha meza ile itabidi uhame na nyumba.

Nyaboke alichora nakshi zake kwa programu ya zamani aliyoanza nayo Joyline akiwa bado shule ya msingi. Walioitengeneza walishafunga biashara na kwenda zao. Mwaka jana kompyuta yake kuukuu ilipokufa, ile mpya iliikataa programu hiyo katakata, na Nyaboke akalala njaa siku mbili kwa kukosa hamu ya kula. Mwikwabe ndiye aliyemwokoa. Aliichukua kompyuta mpya hadi dukani kwake Kehancha, na ndani yake akaunda kompyuta nyingine ya kufikirika tu, isiyo na sanduku wala waya, inayojiona kuwa ni ile ya zamani. Humo programu ikaendelea na kazi kama mzee ambaye hakuambiwa kuwa bei ya sukari imepanda. Nyaboke akaiita "ile ya ndani" na maisha yakaendelea.

Sasa ile ya ndani ilikuwa imemshika mateka. Akina mama wa kwaya ya Joyline, Homa Bay, walitaka ua la yungiyungi kwenye kola za sare zao za mikutano ya makambi. Nyaboke alikuwa amelichora ua hilo jani kwa jani, kutoka kwenye picha iliyopigwa ziwani. Lilikuwa zuri kuliko chochote alichowahi kuchora, na alijua hivyo, ingawa angeulizwa angesema ni la kawaida. Kesho Ijumaa cherehani ilipaswa kushona kutwa nzima, kwa sababu jua likishatua Sabato imeingia na hakuna sindano itakayoguswa. Lakini ua halikuhifadhika, na wala halikutoka. Flashi aliyozoea kuibebea michoro, ile ya ndani ilikuwa haiioni tena. Na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa, na stima za Migori na wingu hazipatani. Umeme ukipotea, yungiyungi limepotea nao.

"Mwambie kama ni kuituma kwa barua pepe, nitume," Nyaboke akasema.

Neno likaenda Homa Bay, likarudi. "Anasema ile ya ndani hakuiunganisha na mtandao. Anasema kompyuta mzee ukiiweka kwa mtandao ni kama kuacha mlango wazi siku ya soko."

"Basi afanyeje?"

"Anasema kwanza tujue mbona imekataa kuhifadhi. Angalia diski yake, imebaki na nafasi ngapi."

Ilikuwa imejaa pomoni. Nyaboke hakuelewa, kwa sababu kompyuta mpya ilisifiwa dukani kwa ukubwa wa diski yake. Ikabidi Homa Bay imweleze kwamba ile ya ndani ina kabati lake dogo, lililokatwa kutoka kwenye kabati kubwa, na lake likijaa haliwezi kuazima la nje. Akaanza kupekua. Akakuta nakala chungu nzima za beji ya shule moja, ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa akibadilisha mawazo kila wiki kuhusu rangi ya mwenge. Akazifuta zote kwa raha isiyo ya Kikristo, akajaribu tena, na yungiyungi likahifadhika.

"Mungu ni mwema," akasema. Hilo nalo Joyline akalifikisha.

Ikabaki kulitoa. Mwikwabe akaeleza kwamba mwaka jana aliacha folda ya pamoja, kama kidirisha kati ya kompyuta mbili. Kitu kikiwekwa humo na ile ya ndani, ile ya nje itakiona. Hawakuwahi kuitumia kwa sababu flashi ilitosha. Nyaboke akaitafuta, akaipata, akalisukuma ua lake humo. Ikakataa, kwa Kiingereza kirefu. Alikisoma neno kwa neno kwa Joyline, na Joyline akamsomea mumewe, ambaye wakati huo alikuwa ameshateremka hadi langoni kutafuta mahali simu inaposhika vizuri.

Sasa mafundi wana lugha yao. Kompyuta ya nje wanaiita mwenyeji, na ile iliyo ndani yake wanaiita mgeni. Mwikwabe alijua hivyo hata usingizini. Joyline alijua nusu. Nyaboke hakuwa ameambiwa, na Joyline alifikisha maneno ya mumewe kama alivyoyapokea, tena kwa haraka, kwa kuwa bosi alikuwa mlangoni.

"Mama, anasema mgeni haruhusiwi kuweka kitu chake humo. Anaruhusiwa kuangalia tu. Anasema mwenyeji ndiye amemfungia. Ngoja kidogo, bosi ameingia."

Simu ikakatika.

Nyaboke aliiteremsha simu polepole, akaketi kitandani. Kwa hiyo ni hivyo. Miaka yote hii mkwe wake alikuwa na neno moyoni, na leo, kwa uchovu wa kuzungushwa, limemponyoka.

Akakumbuka lile tangi. Mwaka juzi Mwikwabe alimwona akibeba mitungi ya maji, na wiki iliyofuata akaja na tangi jeusi juu ya pikapu kutoka Kehancha. Nyaboke alimtuma Joyline amwambie kwamba mkwe hajengi kwa mama mkwe. Tangi likarudi lilikotoka bila kuteremshwa, na yeye akaendelea na mitungi yake. Wakati ule alijiona mwenye heshima. Sasa alijiona mtu wa roho ngumu.

Na hakuwa na roho ngumu kwake hata kidogo. Alimpenda. Hakuwahi kulitamka hilo kwa mtu, maana hakuna anayekuuliza kama unampenda mkwe wako. Lakini alikuwa amemwona, kupitia upenyo wa mlango wa jikoni, akimtolea bintiye Emmah miiba ya samaki kwa vidole vyake mwenyewe, akirudia mara ya pili ili kuhakikisha, mpaka chakula chake kikapoa sahanini na akakila kikiwa baridi, ametulia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anakunywa chai barazani na kuondoka. Anaruhusiwa kuangalia tu.

Akasimama, akaenda kwenye ua wa nyuma na kumwita jirani yake Rael.

"Njoo unisaidie kutoa kitanda."

Rael akaja akijifuta unga mikononi. "Unahama, Mama Joyline?"

"Mimi sihami. Kitanda ndicho kinahama."

Wakakifungua, mbao upande huu, misumari kwenye bakuli, wakakiburuta hadi chumba alichokuwa akilala Joyline kabla ya kuolewa. Kilikuwa cha mvule, kizito kama deni la dhambi, na Rael alilalamika kila hatua. Kutoka langoni Mwikwabe aliona godoro likikatiza mlangoni, kisha miguu ya kitanda, kisha Rael akirudi kinyumenyume. Akampigia Joyline. Hapatikani. Akasimama pale na simu mkononi, akijaribu kukumbuka ni neno gani alilolisema baya.

Nyaboke akatokea barazani, kitambaa kichwani kimelegea.

"Baba Emmah," akasema. Hakuna aliyekuwa katikati, na sauti yake ilisikika ngeni hata kwake mwenyewe. "Chumba bila kitanda si chumba cha kulala. Ni mahali pa kazi. Ingia."

Mwikwabe hakusogea. "Mama, si lazima. Tungoje tu Joyline."

"Sitamngoja. Neno lako nimelisikia. Umesema mgeni amefungiwa na mwenyeji, na ni kweli, na mimi naomba msamaha."

Kijana akamtazama, akasahau hata kwamba hapaswi kumkazia macho. "Mgeni?" akauliza. Kisha uso wake ukabadilika. "Mama, mgeni ni ile kompyuta. Ile ya ndani. Sisi mafundi ndio tunaiita hivyo. Mwenyeji ni ile ya nje."

Lori la miwa likapita barabarani. Rael, aliyekuwa ameegemea mlango akipumua, ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akateleza chini akaketi kizingitini. Nyaboke alitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi haikupasuka, na kicheko cha Rael kilikuwa cha kuambukiza. Akacheka naye, kwanza kwa aibu, kisha kwa moyo wote, hadi machozi. Mwikwabe naye akacheka huku akijifunika mdomo kwa simu.

"Haya," Nyaboke akasema alipopata pumzi. "Kitanda kimeshatoka. Ingia vivyo hivyo, kabla stima haijaenda."

Mwikwabe akavua viatu. Akaingia macho chini, akipita kando kando ya ukuta, akaketi kwenye kiti cha kushonea. Nyaboke akabaki mlangoni, kwa sababu mipaka mingine ni ya kuachia taratibu. Aliiona mikono ya mkwe wake ikitulia mara tu ilipogusa kibodi. Mwikwabe akafungua mahali pa mipangilio, akateremka, akateremka tena, akafika kwenye folda ya pamoja. Hapo akasogeza uso karibu na kioo.

"Umeona nini?"

"Mwenyeji hana kosa, Mama." Alisema bila kugeuka. "Ni mimi. Mwaka jana nikiiunda, mimi ndio niliweka alama hapa, mgeni asome tu. Niliogopa asije akaharibu kitu ya wenyewe. Halafu nikasahau."

Nyaboke alimwangalia kisogo, mabega yale yaliyojikunja ili yachukue nafasi ndogo kadiri iwezekanavyo katika chumba kilichokuwa tupu. Akaona kwamba maneno yale hayazungumzii kompyuta peke yake. Naye Mwikwabe alikuwa amejisikia akiyasema.

"Na bado unaogopa?"

"Kidogo, Mama."

"Toa hiyo alama."

Akaitoa. Nyaboke akamwelekeza lilipo ua, Mwikwabe akalisukuma, na safari hii folda ikalipokea bila neno. Akalipeleka kwenye cherehani. Kwa jaribio, Nyaboke akatega kipande cha kitambaa cheupe. Alilazimika kuingia na kusimama hatua moja kutoka kwa mkwe wake ili kukitega, na akaingia. Sindano ikaanza. Wakatazama jani la kwanza likitokea, kisha la pili, kisha ile rangi nyepesi ya waridi ya katikati, mpaka cherehani ilipokata uzi yenyewe.

"Hiyo ni kazi," Mwikwabe akasema taratibu.

"Ni ya kawaida," akajibu Nyaboke, na furaha ilimjaa hadi masikioni.

Mwikwabe akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akajikunja tena kuelekea mlangoni. Kwenye sakafu ya saruji palikuwa na mraba uliokoza, mahali ambapo jua na ufagio havikuwahi kufika tangu Motari alipokiingiza kitanda kile siku walipohamia. Kijana akaukwepa, akauzunguka kwa mbali, kana kwamba kitanda bado kipo.

"Nitamwomba Rael aite mtu, wakirudishe kabla ya jioni," akasema. "Mama usilale mahali hujazoea kwa sababu yangu."

Nyaboke aliutazama ule mraba. Humo alilala mke, humo akaamka mjane.

"Kitanda kisirudi," akasema. "Urudi wewe, mwanangu."