Santuri Chini ya Kitanda

Mimi si mtu wa kupekua vitu vya mume. Panya ndiye aliyenifanya nivute sanduku la Baba Bwire chini ya kitanda, hapa kwetu mtaani Mowlem, siku tatu kabla ya yeye kusimikwa mzee wa kanisa. Ndani nikakuta santuri kubwa. Kwenye jalada kuna vijana wa Kizungu, wanaume wazima, wamepaka midomo rangi na macho wanja, kila mmoja ameshika nyundo. Maandishi ni ya Kijerumani, mwaka 1982. Nyuma, kwa kalamu ya wino: "Javan." Jina la Baba Bwire, mume wangu!

Woi! Miaka thelathini na minane ya ndoa, hajawahi kuitaja. Na kanisani tumefundishwa kwamba watu huingizwa dini za giza kwa vitu kama hivi. Nikaapa: ikiwa ni kweli naye aliingizwa, Jumapili sisimami kando yake madhabahuni, na watu waulize mpaka wachoke.

Nikaifunga kwa leso, nikaipeleka sokoni Kariokor kwa Siyad, fundi wa redio, ambaye gramafoni yake bado inafanya kazi.

"Iweke," nikamwambia. "Nataka kusikia."

Nyundo zikaanza, nzito, moja moja, kama mtu anapigilia jeneza misumari. Kisha sauti ikanguruma, nene, ya kutoka chini ya ardhi. Nikapiga kelele, "Shindwe!" hadi washona viatu jirani wakaacha kazi. Siyad mwenyewe alikuwa anasoma aya chinichini. Machozi yakanitoka. Nikampigia Baba Bwire simu aje sasa hivi, na asiniulize kitu.

Akafika akihema. Akaitazama santuri inavyozunguka, akacheka. Akacheka! Nusura nimpige kwa mkoba.

"Siyad, mbona unaiburuza? Hiyo ni ya mizunguko arobaini na tano kwa dakika."

"Arobaini na tano ni zile ndogo, mzee," Siyad akabisha. "Santuri zote za benga ni hivyo. Kubwa ni thelathini na tatu, tangu enzi za baba yangu."

"Wajerumani hawakumuuliza baba yako. Soma hapo katikati."

Siyad akasoma, akajipiga kipaji cha uso, akasogeza swichi ya kasi. Haki ya Mungu, lile dude likageuka msichana! Kasauti kembamba, nyundo zinakimbizana, kinanda kinarukaruka kama watoto na kamba. Nikakalia spika ya wenyewe.

"Anaimba nini?"

"Zamu za kiwandani. Ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Mjerumani aliyekuja kiwandani kwetu kutufungia mashine ya mabati ndiye aliyenitafsiria. Alipoondoka akaniachia."

"Na kwa nini ukanificha?"

Baba Bwire akainamisha kichwa. "Wenzangu kazini walisema sauti za mashine ni kelele tu. Lakini mimi, Mama Bwire, miaka yote ile nilikuwa naisikia mashine yangu ikiimba hivi hivi. Niliogopa utasema nina wazimu."

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

"Mjinga wewe," nikamwambia. "Nilidhani nimeolewa na shetani, kumbe nimeolewa na mtu mwenye haya! Jumapili nitasimama kando yako. Siyad, hebu irudishe mwanzo. Nami niisikie hiyo mashine."