Propela Iliyonolewa

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona mtu akinoa propela ya boti kama anavyonoa muhoro wa kupogolea migomba? Kemilembe aliona, na iliyonolewa ilikuwa ya kwake.

Boti aliachiwa na marehemu mumewe. Aliivushia ndizi na kahawa za akina mama wa ng'ambo ya ziwa, mpaka siku propela ilipogonga kisiki, bawa moja likajikunja. Hapo shemeji yake, Eliud, akapata pa kusemea. "Boti si kazi ya mwanamke," alisema kwenye kikao cha ukoo. "Isipotembea mpaka Jumapili, tunaiuza tununue ng'ombe." Kemilembe akaendelea kumimina rubisi, ile pombe ya ndizi, kwenye vikombe. Neno lilimfika kooni, akalimeza.

Kesho yake aliifunga propela kwenye kanga, akapanda bodaboda hadi Ihanda kwa fundi Ndyamukama, ambaye ubao wake ulisema: SPEA ZA BOTI NA PROPELA. Ndani mlikuwa na ringi za baiskeli, minyororo, na mihoro mipya iliyotundikwa ikimeremeta. "Mama, hii ni ya kesho asubuhi," alisema. Kesho hiyo ikawa siku nne. Jumamosi Kemilembe alipoifunga kwenye boti, injini ililia kama ng'ombe anayechinjwa, boti ikabaki palepale.

Mchana huohuo alirudi Ihanda na propela yake.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke. Umefanya nini hapa?"

"Nimeinyoosha. Mabawa yote matatu yalikuwa yamepinda! Halafu nikainoa, bure kabisa. Pitisha kidole uone."

"Nipitishe kidole? Kwani mimi nakwenda kuchinja maji?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. "Ndyamukama," mmoja akasema, "mtilie na mpini, akapogolee migomba!"

Kemilembe hakucheka. "Toka. Twende ziwani."

"Mama, nina kazi za watu."

"Na mimi si mtu?"

Fundi akatoka. Ufukweni walimkuta Eliud amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni yake mtu aliyekuja kuitazama boti. Kemilembe akampita bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Akaifunga propela mahali pake, akapiga kafi mpaka maji ya kina. Ndyamukama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa kwenye boti, aling'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Kemilembe akavuta kamba. Injini ikapiga kelele, propela ikazunguka kwa kasi, povu jembamba likatoka. Boti haikusogea hata shubiri.

"Inakata," Ndyamukama alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuletea ili ikate? Ule mpindo ndio unaosukuma maji! Bawa bovu lilikuwa moja, wewe ukaharibu mawili mazima. Kwa nini hukusema hujui?"

"Nilitaka, mama. Siku ileile nilitaka kukuelekeza kwa Fidele, Bukoba mjini. Yule ndiye fundi wa propela, wavuvi wote wanakwenda kwake. Lakini wale wa benchi walikuwa wananitazama. Na ubao umeuona."

"Ubao! Leo unaung'oa. Kisha unapanda basi kwenda kwa huyo Fidele, na usinirudie bila propela inayosukuma."

"Nitakwenda, mama. Ila tufike nchi kavu kwanza."

Kemilembe akamtupia kafi. "Piga."

Walipofika ufukweni, Eliud alikuwa amekwisha kusimama. "Umeona, shemeji? Haitembei. Na kesho ndiyo Jumapili."

Kemilembe alishuka, maji yakimfika magotini, kitenge kimelowa. Akaifunga kamba ya boti kwenye kigingi, akakaza fundo, akaongeza la pili. Lile neno la kikaoni lilikuwa bado pale kooni, na safari hii halikumezeka.

"Siuzi," alisema. "Nilitaka kukwambia mbele ya ukoo mzima, badala yake nikakumiminia rubisi. Boti ni yangu, Eliud. Siuzi kesho, wala Jumapili yoyote."