Msuko wa Katikati

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu aliponiita shuleni Jumatatu, nilifunga saluni nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Nilidhani mtoto kaonewa.

Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu. Kaka na mkewe wanafanya kazi mbali, kwa hiyo binti anakaa nami tangu alipoanza shule. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Anaongea akila, anaongea akioga, na usiku mwingine namsikia akiongea usingizini.

"Huyu Chiriku wenu," mwalimu aliniambia, kipara chake kiking'aa kando ya dirisha, "somo gani haongei? Lakini nikimuuliza saba mara sita, anatulia kama maji mtungini. Ijumaa ya wiki ijayo kila mtoto wa darasa la nne atasimama mbele ya wenzake ajibu maswali ya kuzidisha. Akishindwa, itabidi arudi darasa la tatu."

Chiriku alikuwa amesimama ubavuni kwangu, anatazama viatu vyake.

"Mwalimu, usijisumbue bure," nikasema. "Sisi ukoo wetu tuko hivyo. Hesabu hazituingii. Mimi zilinishinda, baba yake zilimshinda. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Mwalimu akaweka chaki mezani. "Mama, maneno hayo umeyasema mbele yake mara ngapi?"

"Nitajuaje? Si nimekwambia hesabu hazituingii?"

Hakucheka. Alisema kwa upole kwamba yeye humpata mtoto saa moja tu kwa siku, mimi ndiye ninayekaa naye zinazobaki, na nikibomoa nyumbani anachojenga yeye shuleni, hatutafika popote. Niliondoka nimevimba. Lakini njia nzima Chiriku hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Ni mwendo wa dakika ishirini, na mimi sijawahi kumwona akinyamaza hata mbili.

Kesho yake jioni nilimkalisha kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti yangu, mkebe wa shanga kaupakata. Nikapitisha mkia wa kitana, nikagawa huku, nikagawa kule, mistari saba ya kurudi nyuma. Nilikuwa bado namsema mwalimu moyoni.

"Shangazi, kila msuko unaweka shanga sita?"

"Sita."

"Kwa hiyo nitoe ngapi?"

"Toa arobaini na mbili."

Mkono wake ukagota ndani ya mkebe. "Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Saba mara sita! Ndiyo ile ile ya mwalimu! Na wewe ulisema hujui hesabu."

"Hiyo si hesabu, hiyo ni misuko," nikamwambia. "Mitatu upande huu, shanga kumi na nane. Mitatu upande ule, kumi na nane nyingine. Hapo una thelathini na sita. Bado huu wa katikati, sita. Kwisha."

Miaka kumi na saba nasuka watu, na siku zote hizo vidole vyangu vilikuwa vinajua kitu ambacho mdomo wangu unakikana. Niliona aibu, kusema kweli. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umemwambia mtoto uongo tangu darasa la kwanza.

Basi, saluni yangu ikageuka darasa. Mteja akikaa tu, Chiriku anadakia: "Huyu misuko minane, shanga saba! Minne huku ishirini na nane, minne kule ishirini na nane, hamsini na sita!" Siku iliyofuata akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, kunitangazia kwamba misuko saba yenye shanga nane nayo ni hamsini na sita. "Ni ile ile, shangazi, imegeuzwa tu!" Mama mmoja alikuja kukata ncha za nywele, akaondoka anajua saba mara tisa bila kuomba.

Alikuwa na mtindo wake. Ukimuuliza, vidole vinapanda kichwani, vinagusa misuko mitatu, mitatu, halafu wa katikati, ndipo anajibu.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya mtihani, nilimfumua nimsuke upya, apendeze mbele ya wenzake. Nilikuwa napiga soga na jirani, mikono ikaenda zake.

Ijumaa asubuhi nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, ndipo nikakumbuka. Jana niligawa minne huku, minne kule. Na mmoja katikati. Tisa! Nimempeleka mtoto kwenye mtihani na kichwa kisicho chake!

"Dada, nakuja," nikamwambia mteja.

"Unakuja kutoka wapi? Hebu niangalie nilivyo!"

Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Nilifika kwenye dirisha la darasa nahema, kitana mkononi. Chiriku alikuwa amesimama mbele, peke yake.

"Saba mara nane," mwalimu akasema.

Vidole vikapanda kichwani. Vikasita. Nilitaka kupiga kelele, nikajiziba mdomo. Chiriku akashika msuko wa mwisho upande wa kulia, akaupitisha nyuma ya sikio. Akaufanya hivyo hivyo wa kushoto.

"Ishirini na nne," akasema, akigusa upande mmoja. "Ishirini na nne. Na nane za katikati. Hamsini na sita."

"Katikati ya wapi?" mwalimu akauliza.

"Ya kichwa, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Na hiyo miwili uliyoificha?" mwalimu akauliza.

"Hiyo shangazi alipitiwa. Leo iko likizo."

Nikapiga kigelegele pale pale dirishani. Sikuweza kujizuia. Mwalimu akageuka, akanitazama mimi na kitana changu.

"Mama, karibu ndani. Ukoo wenu bado uko vile vile?" Akatabasamu. "Tujaribu basi. Tisa mara nane."

Macho ya darasa zima yakanigeukia. Mara ya mwisho kuulizwa swali mbele ya ubao nilikuwa na miaka kumi, na nilichekwa mpaka nikalia. Nikamtazama Chiriku. Naye taratibu akaitoa ile misuko miwili nyuma ya masikio, akainamisha kichwa anionyeshe.

Minne huku. Minne kule.

"Thelathini na mbili," nikasema. "Na thelathini na mbili. Sitini na nne. Na nane za katikati." Nikapiga moyo konde. "Sabini na mbili."

Watoto wakapiga makofi. Chiriku akawageukia wenzake, kidevu juu.

"Sisi ukoo wetu tuko hivyo," akasema.